Tuzo ya mwandishi bora katika gazeti la jamii: apewe nani, na kwa kipimo gani?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mjumbe wa bodi ya gazeti dogo la jamii hapa Masasi. Linatoka mara moja kwa mwezi, lina kurasa nane, na linasomwa pia Newala, Nanyumbu na Nachingwea. Waandishi wetu wote wanajitolea: wamo walimu, mhudumu wa zahanati na vijana waliomaliza chuo. Mwaka jana tulianzisha tuzo ya mwandishi bora, tukampa aliyechapishiwa habari nyingi kuliko wenzake. Badala ya kuleta ari, tuzo ilileta manung'uniko, na dada mmoja aliyekuwa akifuatilia habari za ushirika akaacha kabisa kuleta kazi. Mwaka huu wenzangu wanataka wasomaji wapige kura kwa ujumbe wa simu. Vilevile mfanyabiashara mmoja anayenunua korosho amejitolea kumpa mshindi pikipiki mpya. Je, umahiri wa mwandishi wa gazeti dogo kama letu unapimwaje? Tuipokee pikipiki? Au tuachane na tuzo yetu, tupeleke kazi kwenye mashindano ya kitaifa?"*

Marahaba, ndugu mjumbe. Umeuliza maswali matatu, lakini yote yanatokana na hofu moja: kwamba jambo mlilolianzisha kwa nia njema ya kuwapa moyo watu wasiolipwa limewavunja moyo wale wale mliotaka kuwainua. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo sidhani kwamba kosa lilikuwa kuwa na tuzo. Kosa lilikuwa kwenye kipimo, na kipimo kinaweza kurekebishwa.

Fikiri kwanza habari nyingi hutoka wapi. Mwandishi anayehudhuria ziara ya mkuu wa wilaya, kikao cha baraza la madiwani na uzinduzi wa madarasa anaweza kurudi na habari nne kwa juma moja, zote sahihi, zote zikiwa na picha. Mwenzake anayefuatilia makato ya wakulima kwenye chama cha msingi anaweza kumaliza msimu mzima na habari moja tu mkononi. Mkihesabu habari, huyu wa pili ameshindwa kabla hajaanza. Ni sawa na kupokea korosho ghalani kwa idadi ya magunia bila kuangalia daraja. Yule dada wa habari za ushirika, kwa kadiri ninavyoweza kukisia kutoka mbali, hakukasirishwa na kukosa zawadi. Aliambiwa hadharani kwamba kazi ya aina yake haihesabiki.

Hapa ndipo ilipo nguvu ya tuzo, nguvu ambayo bodi nyingi huidharau. Mhariri anaweza kusema katika kila kikao kwamba anataka habari za uchunguzi, lakini waandishi hutazama nani alisimamishwa mbele ya watu akapigiwa makofi, kisha huandika kama yeye. Katika gazeti linalolipa mishahara nguvu hiyo hupunguzwa na mambo mengine, kwa mfano mwandishi kupandishwa cheo au kupangiwa dawati. Katika gazeti la kujitolea hakuna cheo wala mshahara, hivyo tuzo ndiyo sauti pekee ya bodi inayosikika kwa uhakika. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nani alikuwa bora mwaka uliopita, jiulizeni mnataka gazeti lenu liwe limejaa habari za namna gani mwaka unaokuja, kwa sababu hizo ndizo mtakazoletewa.

Ugumu wa uandishi wa jamii, nao ndio ninaoamini unapaswa kupewa uzito wa kwanza, ni ukaribu. Ghasia za bomba la gesi zilipotokea Mtwara mwaka 2013, waandishi wa kutoka mbali walikuja, wakaandika, wakaondoka. Mwandishi wenu haondoki. Katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, anayemwandika anaweza kuwa shemeji yake. Mganga mfawidhi aliyemuuliza kuhusu dawa zilizokwisha atakutana naye msibani Jumamosi. Mtu wa namna hiyo hujaribiwa na mambo mawili yanayopingana: kunyamaza ili asiharibu ujirani, au kuandika kwa hasira ili alipize jambo la zamani. Anayefanikiwa kuandika ukweli mkavu bila woga na bila chuki, akiwa anaishi humo humo, amefanya kazi ambayo mwandishi wa gazeti kubwa la Dar es Salaam halazimiki kuifanya mara kwa mara. Ukaribu huo pia hauvumilii makosa madogo. Jina la kitongoji likikosewa katika gazeti la taifa watu wachache watagundua, lakini likikosewa katika gazeti lenu kila msomaji atalijua, na ataanza kutilia shaka hata zile tarakimu ambazo hawezi kuzihakiki mwenyewe.

Nikuonyeshe kwa mifano miwili niliyoitunga kwa ajili ya kufundishia, maana vigezo visivyo na mfano hubaki maneno.

Habari ya kwanza inasema mkuu wa wilaya amewaonya wanaonunua korosho kwa kangomba, yaani kienyeji nje ya utaratibu rasmi, na kuwataka wakulima wauze kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo korosho hupokelewa ghalani kwa stakabadhi na kuuzwa mnadani. Imeandikwa kwa Kiswahili safi, nukuu zimewekwa vizuri, kichwa kinavutia. Lakini chanzo ni kimoja tu, na mkulima hayumo. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu auze korosho zake kwa bei ya kutupa miezi michache kabla ya minada kufunguliwa, wala kama alikuwa na mgonjwa, ada ya shule au ghala la chakula lililokwisha. Ni taarifa halali na gazeti lilistahili kuichapisha. Isitoshe, haina kosa lolote. Tatizo ni kwamba mtu yeyote aliyekuwepo mkutanoni angeweza kuiandika.

Habari ya pili inaanza na mkulima aliyepima kilo 412 kwenye mizani ya chama chake cha msingi, kisha akalipwa benki kwa kilo 398. Mwandishi hakukimbilia kuandika wizi. Alikusanya stakabadhi za wakulima wengine wa vijiji jirani, akazipanga kwa tarehe, akalinganisha kilo zilizopokelewa na kilo zilizolipwa. Alimwendea katibu, naye akamweleza kuwa tofauti hiyo ni unyaufu, yaani uzito unaopungua korosho zinapokauka. Akaenda kwa mtunza ghala kuuliza korosho ziliingia na unyevu kiasi gani, akaomba muhtasari wa mkutano mkuu ulioidhinisha makato, na aliponyimwa aliandika barua ya maombi kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Mwishowe aligundua kwamba kilo 14 katika 412, ambazo ni zaidi kidogo ya asilimia 3, zinaelezeka kwa sehemu na kwa sehemu hazielezeki, akaandika hivyo hivyo, bila kuongeza. Majibu ya katibu yapo aya ya tatu, hayakusukumwa mwisho ambako wasomaji wengi hawafiki. Wakulima wawili walioogopa kunyimwa pembejeo hawakutajwa majina. Lugha ina mikwaruzo hapa na pale, na kichwa cha habari ni kizito.

Jopo la waamuzi lililokaa mezani na kurasa zilizochapishwa tu linaweza kabisa kuipa alama zaidi habari ya kwanza, kwa sababu inasomeka vizuri. Ndiyo maana nashauri kila kazi inayoshindanishwa iambatane na jalada lake: daftari la mahojiano, picha za stakabadhi, nakala ya barua zilizoandikwa, tarehe za simu zilizopigwa na hazikupokelewa. Ubora wa kazi ya habari umelala kwa kiasi kikubwa katika mambo ambayo msomaji hayaoni. Jalada hilo lionwe na waamuzi peke yao, na majina ya watoa habari waliofichwa yafutwe kabla halijatoka mikononi mwa mwandishi. Waamuzi wanahitaji kujua kwamba chanzo kipo na kilipimwa, hawahitaji kujua ni nani.

Kuna dhana nyingine inayopendwa sana, kwamba habari bora ni ile iliyoleta matokeo. Naielewa, lakini naomba muwe nayo waangalifu. Mwandishi hana mamlaka juu ya kile ambacho ofisa atafanya baada ya kusoma gazeti. Habari mbili zenye ubora ule ule, moja inaweza kuangukia wiki ambayo mkuu wa mkoa yuko ziarani na nyingine ikaangukia msimu wa mvua ambapo barabara haipitiki. Zaidi ya hayo, tuzo ya matokeo huwafundisha waandishi kushangilia ahadi: kiongozi ametoa siku saba, makofi, picha, basi. Kipimo kizuri zaidi ni kuuliza kama mwandishi alirudi siku ya nane. Mimi ningeupa ufuatiliaji uzito mkubwa kuliko wengi wanavyoupa, pengine hata kuliko uzuri wa lugha.

Sasa kura ya wasomaji. Wenzako wanaipenda kwa sababu inaonekana ya haki, kila mtu ana kura yake moja. Kwa kweli ujumbe wa simu hupima mambo mengine: ukubwa wa ukoo wa mwandishi, nguvu ya mtandao katika kijiji chake, na nani ana rafiki wa kuwanunulia watu vocha. Nachingwea ikiwa na wasomaji wengi kuliko Nanyumbu, mwandishi wa Nanyumbu ameshapoteza. Na hata msomaji mwadilifu kabisa hawezi kujua kwamba habari iliyomfurahisha ilinakiliwa mahali pengine.

Wasomaji wasiachwe nje, hata hivyo. Wapeni kazi wanayoiweza kuliko jopo lolote, yaani kupendekeza na kutoa ushahidi. Waulizeni ni habari gani ya mwaka huu iliyowasaidia kufanya uamuzi, na uamuzi gani; majibu yaachwe dukani kwa wakala wa gazeti, kwa maandishi au kwa mdomo kwa wasioandika. Halafu fanyeni jambo ambalo mashindano machache hulifanya: waulizeni walioandikwa, hasa walioandikwa vibaya. Si kama walifurahi, maana hawakufurahi. Waulizeni kama walipigiwa simu kabla ya habari kutoka, kama walipewa muda wa kutosha kujibu, na kama maneno yao yaliandikwa kama walivyoyasema. Katibu wa AMCOS anayekiri kwa shingo upande kwamba alisikilizwa ni shahidi mzito kuliko mashabiki wengi.

Kuhusu jopo lenyewe, watu watatu wanatosha. Mhariri asiwemo, kwa kuwa yeye ndiye aliyegawa kazi na kuzisahihisha, na kumpima mwandishi kwa sehemu ni kujipima mwenyewe. Mmoja wao atoke nje ya eneo lenu, Lindi au Songea kwa mfano, mtu asiye na ndugu kwenye orodha. Kuficha majina ya waandishi ni desturi nzuri lakini msiitegemee sana, kwa kuwa katika mji mdogo kila mtu anaitambua kalamu ya kila mtu. Afadhali kila mwamuzi atamke uhusiano wake na ajitoe kwenye kazi inayomhusu. Kila mmoja asome na kuandika sababu zake peke yake kabla ya kikao, ili mwenye sauti kubwa asiwameze wenzake. Na msitegemee wastani wa alama. Kazi iliyopata 90, 50 na 70 ina wastani sawa na iliyopata 70 mara tatu, lakini ile ya kwanza ina jambo la kujadiliwa, na mara nyingi ndilo jambo lenye thamani zaidi katika kikao kizima.

Maadili yawe kizingiti cha kuingilia, yasiwe alama chache katika karatasi. Kazi iliyonakiliwa, iliyolipiwa bahasha na anayeandikwa, au iliyoonyesha sura ya mtoto aliyefanyiwa ukatili haiingii mashindanoni hata ikiwa imeandikwa kwa ustadi wa namna gani. Kwa huku kwetu Kusini ningeongeza picha za watoto wakiwa jandoni au unyagoni, zinazochapwa kwa sababu zinavutia bila mzazi wala mkuu wa shughuli kuulizwa. Kinyume chake, mwandishi aliyekosea kisha akaleta masahihisho mwenyewe asiadhibiwe. Jopo pia liwe na ruhusa ya kutomtuza yeyote mwaka ambao hakuna kazi iliyofikia kiwango, na mlitangaze hilo mapema. Tuzo iitwe ya kazi bora, si ya mwandishi bora. Tofauti inaonekana ndogo, lakini "mwandishi bora" hufanya wengine wote wawe duni kwa mwaka mzima, wakati "kazi bora" huacha nafasi kwa kila mtu kuandika kazi nyingine.

Ombi dogo kabla sijafika kwenye pikipiki: pitieni orodha ya nani alitumwa wapi mwaka mzima. Ikiwa kina dada walitumwa kwenye mafunzo ya lishe na sherehe za shule huku minada na halmashauri ikiwa ya kina kaka, jopo litakuwa linapima mgawanyo wa kazi wa mhariri na kuuita umahiri.

Pikipiki msiipokee. Najua ninachokisema ni kigumu, kwa kuwa kwa mwandishi anayetembea kwa miguu kutoka Chiungutwa hadi mjini pikipiki ni mkombozi, na sina sababu ya kumshuku mfanyabiashara huyo kwa nia mbaya. Lakini yeye ananunua korosho, na korosho ndiyo habari kubwa ya eneo lenu. Siku gazeti litakapohitaji kuandika juu ya bei, mizani au malipo yaliyochelewa, mwandishi wenu bora atakuwa anafika eneo la tukio juu ya pikipiki ya anayeandikwa. Hata akiandika kwa haki, wakulima hawataamini, na watakuwa na haki ya kutoamini. Kuibadilisha iwe mali ya gazeti badala ya mshindi hakuondoi tatizo hilo.

Njia iliyo wazi zaidi ni mfuko wa michango midogo kutoka kwa watu wengi, wenye kiwango cha juu ambacho mtu mmoja hawezi kukivuka, na majina yote yakichapishwa gazetini. Mchangiaji asiipe tuzo jina lake, asikae kwenye jopo, asikabidhi zawadi. Mfanyabiashara wenu anaweza kualikwa kuchangia humo kama raia mwingine yeyote, kwa kiasi kile kile. Akikataa kwa sababu hatapewa kipaza sauti, mtakuwa mmejua alichokuwa anakinunua. Na zawadi iwe ya kumwezesha mshindi kufanya kazi inayofuata: nauli na posho ya kufuatilia habari aliyoichagua yeye, kifaa cha kurekodia sauti, au ada ya mafunzo mafupi. Mkishindwa kupata fedha kabisa, ukurasa mzima wa gazeti unaoeleza hatua kwa hatua jinsi kazi iliyoshinda ilivyofanywa ni heshima kubwa, na huwafundisha wengine bila gharama.

Mashindano ya kitaifa hayachukui nafasi ya tuzo yenu, wala tuzo yenu haiyazuii. Tuzo za Umahiri wa Uandishi wa Habari Tanzania, zinazofahamika kama EJAT na kuratibiwa na Baraza la Habari Tanzania, zimekuwepo tangu mwaka 2009, na kazi nzuri kutoka Masasi haina sababu ya kuogopa. Waamuzi wa mbali huweza kuutambua undani wa jambo la mtaani likiandikwa kwa ushahidi. Mwaka 2017 tuzo ya Pulitzer ya tahariri, huko Marekani, ilikwenda kwa Art Cullen wa The Storm Lake Times, gazeti la mji mmoja wa jimbo la Iowa wenye watu wapatao 10,000, lililokuwa likitoka mara mbili kwa wiki na kuuza nakala kama 3,000. Alichoshikilia kilikuwa swali la kijijini kabisa: nani anawalipa kwa siri mawakili wa serikali za mitaa zilizoshtakiwa kuhusu maji yaliyochafuliwa na mbolea za mashambani. Tofauti ni kwamba mashindano makubwa hayaijui historia ya gazeti lenu wala hayatawalea waandishi wenu wachanga. Tunzeni nakala halisi zenye tarehe, na kabla ya kutuma kazi yoyote someni masharti ya mwaka husika, hasa kuhusu waandishi wasio na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi ya uandishi wa habari.

Hilo la ithibati ni mojawapo ya mambo ambayo barua haitoshi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imegusa leseni za magazeti na ithibati za waandishi, nayo imefanyiwa marekebisho baadaye. Hali ya waandishi wa kujitolea kama wenu iulizwe ana kwa ana kwa Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari au kwa mwanasheria, mkiwa na nyaraka zenu mkononi. Muoneni mwanasheria pia ikiwa kazi mnayotaka kuituza inalalamikiwa au mhusika ametishia kwenda mahakamani.

Na ikiwa mwandishi ametishwa, msisubiri kikao cha bodi. Nendeni kwenye klabu ya waandishi wa habari ya mkoa, ambayo kupitia Muungano wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania, UTPC, inaweza kufikisha suala mbali zaidi ya uwezo wenu. Muungano huo ndio ulioanzisha tuzo ya Daudi Mwangosi, kwa jina la mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya Iringa aliyeuawa Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012 akiwa kazini. Kwa sababu hiyo hiyo, kabla ya kumtangaza mshindi wa habari nzito mwulizeni faragha kama yuko tayari kutajwa, na akisema hapana mkubali bila kumbembeleza.

Limebaki suala la dada aliyeacha. Msimtumie barua ya bodi, wala msimwahidi tuzo ya mwaka huu, kwa kuwa hiyo ingemdhalilisha na kuharibu mashindano kabla hayajaanza. Waende watu wawili anaowaheshimu, mmoja awe mwanamke, wamweleze kwamba kipimo kilikuwa kibaya, na wamwombe asome rasimu ya vigezo vipya na kuikosoa kwa kalamu nyekundu. Akikataa kurudi, chukueni hayo maoni yake na mshukuru. Safari hiyo ifanyike kabla bodi haijapitisha vigezo, wakati bado kuna kitu anachoweza kukibadilisha.